Sofa ya Watu Wawili

Mlango wa kushoto ulikataa kufungwa. Fundi aliusukuma kwa kiganja, ukarudi. Akausukuma kwa nyonga, ukarudi. Akajivuta nyuma, akautazama kama mwalimu anavyomtazama mtoro, kisha akaupiga bega. Mlango ulilia ko, ukatulia kidogo, halafu ukafunguka tena taratibu, kwa adabu zote, kama mhudumu anayekukaribisha hotelini.

"Acha kuubembeleza," mkewe alisema kutoka upande wa pili wa gari, kichwa kikiwa ndani na miguu nje. "Umeshakwambia hautaki."

"Unataka. Unaona haya tu, watu wanatazama."

Watu walikuwa wanatazama kweli. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha kinyozi, na kinyozi huyo alikuwa na tabia ya kumgeuza mteja pamoja na kiti chake aelekee penye habari. Asubuhi hiyo wateja wote walielekezwa kwenye kigari cheupe ambamo viti vitatu vya watoto vilikuwa vinagombea nafasi ya viwili.

"Sofa!" kinyozi aliita, mashine ikiunguruma mkononi. "Hivyo viti unavipakia au unavichinja?"

"Angalia kichwa cha watu, utakitia mabaka!"

Jina la Sofa alipewa na mtaa, na hakulikataa. Alikuwa fundi wa makochi, na kwenye kochi aliloshona yeye, hata mgeni aliyepita kusalimia tu alijikuta amesinzia. Gari lake ndilo lililokuwa tangazo lake. Alipolinunua alikivua kiti cha nyuma mpaka kikabaki mifupa, akakishona upya: sponji nene, ngozi bandia rangi ya damu ya mzee, vifungo vilivyozama kama vitovu, na kila upande mkono mnono wa kuegemeza kiwiko. Mteja akisitasita, Sofa alikuwa haongei. Alimfungulia mlango wa nyuma tu. "Kaa kwanza. Bei tutaizungumza ukishaamka."

Kwa hiyo kilikuwa kiti kizuri. Kasoro yake ilikuwa kwamba kilikuwa kiti cha watu wawili.

"Ni hii mikono ndiyo inayotubana," mkewe alisema. Alikuwa amekwisha kujaribu kila mpango: vya mapacha pembeni na cha mtoto katikati, cha mtoto pembeni na vya mapacha vikifuatana, kimoja mbele kidogo, kingine nyuma kidogo. Kila mara kiti cha tatu kilibaki kimening'inia juu ya viwili kama mjumbe wa kamati asiyepewa kiti.

"Mikono ya kochi haibani mtu, Mama Pacha. Mikono inapokea."

"Basi ing'oe ipokee huko nje."

"Ni mshono mmoja huu. Ukivuta uzi hapa, umefumua mpaka kule. Halafu niing'oe, nitakuwa nimepata nini? Kiti cha katikati utakifunga na nini? Hili gari halina mkanda wa katikati. Nilikwambia tangu siku ya kwanza."

Mapacha walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba, wamevaa viatu vya kutokea. Mmoja aliitwa Kelele na mwingine Kimya, na mzazi yeyote atakwambia ni yupi kati ya hao anayetakiwa kuchungwa. Kimya alikuwa ameshaweka kokoto tatu puani na sasa alikuwa anatafuta ya nne.

"Sofa, samahani," kinyozi akadakia kutoka kibandani. "Gari la binamu yangu ni pacha wa hilo, rangi tu tofauti. Mbona lake lina mkanda wa katikati?"

"La binamu yako liliagizwa kwa ajili ya watu wenye watoto. Hili liliagizwa kwa ajili ya vijana."

Wateja wakacheka, na Sofa akacheka nao, lakini alicheka akiwa ameinamia gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Maana mkanda ulikuwepo. Ulikuwepo siku zote. Siku ile anakishona kiti, vipande vyake viwili vilichomoza katikati, kimoja na ulimi wake wa chuma, kingine na kifungio chake chekundu, vikamharibia mstari wa vifungo. Sofa aliviangalia, akaviona vibaya kama meno ya dhahabu kwenye mdomo wa bibi harusi. Akavikunja, akavisukuma chini, akalaza sponji juu yake na kushona. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba gari lilitoka kiwandani hivyo. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa mtu anayelinda kazi ya mikono yake. Ila uongo nao ni kama mchicha, ukiuacha bila kuung'oa unakuta umeshatoa mbegu.

"Tutafanya hivi," alisema akijifuta mikono. "Mapacha kwenye viti vyao, cha Mgeni tunakiweka kwenye buti, wakione huko kituoni kwamba tunacho. Wewe utampakata. Afisa wa ustawi naye ni mzazi, ataelewa."

"Aliniambia kwenye simu hataki kuona mtoto amepakatwa."

"Kwenye simu kila mtu ni mkali."

*

Mgeni alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Pacha. Mama yake aliishi siku chache tu baada ya kumzaa, na tangu hapo mtoto alikuwa kwenye kituo cha watoto, akinenepa polepole, na kifua chake kikipiga filimbi usiku. Ndugu waliojitokeza kumchukua walikuwa wawili: Mama Pacha, na kaka yao mkubwa aliyeishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Afisa wa ustawi alipendelea mtoto akulie kwa mama yake mkubwa, pamoja na watoto wenzake. Ila alikuwa na sharti lake moja, na alilisema bila kupaka sukari: kwa kifua kile, hospitali itakuwa ya kila wiki, na mapacha hawana wa kuwaangalia, kwa hiyo safari zote gari litabeba watoto watatu. Kila mtoto na kiti chake, kila kiti na mkanda wake. Mama Pacha akikosa hilo leo, mtoto anaondoka na mjomba.

Njiani Mama Pacha alishika shali mapajani. Alilifuma mwenyewe, rangi ya maziwa, na ncha moja ilikuwa imepinda kwa sababu alikuwa anafuma huku anamtoa Kimya juu ya kabati.

"Kaka akimchukua," alisema ghafla, "tutamwona kwenye harusi na misiba."

"Hatamchukua."

"Ana gari la watu saba."

"Na hao saba wenyewe hana. Anabeba hewa."

Hakucheka. Sofa alimtazama kwa pembe ya jicho, akaona anavyoikunjua na kuikunja ile ncha iliyopinda. Neno lilimjia mpaka kooni. Lilikuwa neno dogo: upo. Mkanda upo. Lakini ukishasema upo, utaulizwa uko wapi, na ukishasema uko wapi, utaulizwa nani aliuweka huko. Akawasha taa ya kukata kona, akaacha neno lirudi lilikotoka.

"Baba," Kelele aliita kutoka nyuma, "Kimya amekula kifungo."

"Amekula au amekilamba?"

Kukawa na ukimya wa uchunguzi.

"Amekilamba."

*

Gari la kaka mkubwa lilikuwa limeshafika, limeegeshwa mbele ya ngazi za kituo, refu, jeusi, linang'aa kama kiatu cha Jumapili. Mwenye gari hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Aliwasomesha wadogo zake, alitoa katika kila shida. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakujua kutoa bila kupiga honi, na alipoona kigari cheupe kinaingia getini aliipiga mara tatu.

"Shemeji! Nilidhani mmeshindwa kuwasha!"

"Tumewasha, shemeji. Sisi tunaendesha polepole, tuna vyombo vya thamani nyuma."

"Hivi viti vyako! Karibu nisinzie nikivitazama tu."

Afisa wa ustawi alitoka nje akiwa na viatu vya raba na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nyuma yake alikuja mlezi amempakata Mgeni. Mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wake, macho makubwa, amekunja uso kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Mama Pacha alipomwona alisahau salamu. Mlezi akamsogezea, naye akampokea, akaweka sikio kwenye kile kifua, akasikiliza filimbi yake.

Afisa hakusogea upande wa mtoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akawasalimu mapacha kwa heshima kubwa, halafu akatazama nafasi iliyokuwa kati yao.

"Cha tatu kiko wapi?"

"Kwenye buti, mama," Sofa alisema. "Kizima kabisa. Kisafi."

"Na mtoto atakaa kwenye buti?"

Kaka mkubwa alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa na meno.

"Hapana, mama. Leo atapakatwa tu. Ni karibu. Tutakwenda pole pole sana."

"Baba, nimeshawazika watoto waliokuwa wanakwenda karibu." Hakupandisha sauti. Alibonyeza kiti cha nyuma kwa vidole viwili, vikazama. Akakitikisa kiti cha Kelele, nacho kikayumba huku na huku juu ya ule unene kama mtumbwi. "Hata hivi viwili havijashika vizuri. Vimekalia godoro. Na mkanda wa katikati uko wapi?"

"Gari hili..." Sofa alianza.

"Halina," Mama Pacha alimalizia. Alilisema kwa haraka, kama anayemsaidia mume mzigo. "Lilitoka kiwandani bila huo mkanda, mama. Tutatafuta fundi autie. Tupe wiki moja."

Maneno hayo yalimchoma Sofa kuliko kikohozi cha shemeji. Uongo wake alikuwa ameubeba mwenyewe miaka yote, na sasa mkewe alikuwa ameushika upande mmoja, kwa moyo mweupe, mbele ya watu.

Afisa alivua miwani ikaning'inia. "Mama, nilikuombea wewe. Nilisimama mbele ya wakubwa wangu nikasema huyu atakuwa mama. Lakini leo ndiyo siku aliyopewa, na mwenzako amekuja na kila kitu. Siwezi kumtoa mtoto akalale kwenye mapaja."

"Jamani, hakuna aliyeshindwa hapa," kaka mkubwa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na honi. "Ni damu yetu sote. Nitamlea kama wangu. Likizo utakuja umwone, dada."

Mama Pacha hakulia. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alimtandikia Mgeni shali mabegani, akaanza kumweleza kaka yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeacha maagizo ya nyumba: "Usiku mlaze kichwa kikiwa juu kidogo. Akipiga filimbi usishtuke, akinyamaza ndiyo ushtuke. Na usipige honi akiwa amelala." Kisha akanyoosha mikono kumtoa.

Sofa alifungua buti.

Kila mtu alidhani anakitoa kiti cha tatu ili wakichukue. Alitoka na mkasi wake mkubwa wa kukatia ngozi na kile kisu kirefu cha sponji, na mlezi akarudi nyuma hatua mbili.

"Washusheni watoto," alisema.

"Shemeji, taratibu," kaka mkubwa alisema. "Mambo yanazungumzika."

Mapacha walishushwa, viti vyao vikatolewa, naye Sofa akaingia nusu ndani ya gari. Alitafuta kwa kidole mahali anapopajua gizani, katikati, chini ya kifungo cha nne, akachomeka ncha ya mkasi. Ngozi ililia. Akakata kwenda kushoto, akakata kwenda kulia, vifungo vikaruka kimoja kimoja vikigonga vioo. Akashika mkono mmoja wa sofa kwa mikono yake miwili, akaweka goti, akauvuta mpaka ukang'oka na mbao zake na pini zake, akautupa nje. Wa pili ukafuata. Mapande ya sponji yaliangukia uwanjani kama kondoo waliochinjwa, na watoto wa kituo, waliokuwa wanachungulia madirishani, walitoka mbio wakaanza kuyarukia.

Kisha akasimama wima, amejaa vumbi la sponji hadi kwenye kope, mkononi ameshika vipande viwili vya mkanda. Ulimi wa chuma, na kifungio chekundu, kipya kama siku kilipozaliwa.

"Ulikuwepo," alisema. Hakumtazama afisa wala shemeji. "Kiwandani waliuweka. Mimi ndiye niliyeufukia. Uliniharibia mstari wa vifungo."

Akamgeukia mkewe.

"Nilikudanganya, Mama Pacha. Na wewe ukadanganya kwa ajili yangu bila kujua."

Mama Pacha alitazama kile kifungio, akatazama mtoto, akatazama tena kifungio. "Nilikuwa nampa," alisema. "Baba Pacha, mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Kwa ajili ya kifungo?"

Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, Sofa hakutafuta mzaha.

Ni kaka mkubwa aliyevua koti. Alilikunja, akaliweka juu ya gari lake, akakunja na mikono ya shati. "Haya, shemeji. Utasimama hapo kama sanamu mpaka lini? Hiki kiti kinaanzia upande gani?"

Walifanya kazi bila kusema sana. Viti vya mapacha viliingia pembeni, vikasogea mpaka ukutani, pale ilipokuwa mikono, vikakaa chini juu ya kiti kigumu kama vilivyopigiliwa. Katikati ikabaki nafasi. Cha Mgeni kilishuka kikitazama nyuma, mabega yake yakapita katikati ya mabega ya vile viwili, Sofa akazungusha mkanda, akaegemeza goti kukikandamiza, akavuta. Kifungio kililia ta.

Afisa alivaa miwani. Alivishika viti kimoja kimoja, akavitikisa kwa nguvu ambayo hukuitegemea kwa mtu wa umri wake. Gari zima liliyumba. Viti havikuyumba.

"Milango," alisema.

Sofa alikwenda upande wa kushoto. Alishika mlango, akauangalia, hakuupiga bega. Aliusukuma kwa kiganja tu. Ukafungika.

"Na hivyo vifungo viokoteni vyote," afisa alisema akigeukia ngazi. "Huyo mtoto wenu mmoja tayari ana kimoja mdomoni."

Alikuwa Kimya, bila shaka.

*

Safari ya kurudi ilikuwa ngumu kwa maana ya ngumu: kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Mama Pacha alikaa mbele, amegeuka nusu, mkono mmoja nyuma juu ya shali. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Baba, sofa iko wapi?" Kelele aliuliza.

"Tumewaachia wale watoto wacheze."

"Tutashona nyingine?"

Sofa aliangalia kwenye kioo. Vichwa vitatu vilikuwa vimepangana, viwili vikimtazama na kimoja kimempa kisogo kidogo, chenye nywele chache. Kulikuwa na mteja mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa aje wiki ile kukaa kwenye kiti hicho kabla ya kuagiza. Angekaa juu ya nini sasa?

"Hapana," alisema. "Hii inatosha."

Walipoegesha nyumbani, kinyozi alikuwa ameshamgeuza mteja. Alichungulia, akaona matundu ya pini, nyuzi zinazoning'inia na mbao zilizovunjika, akazima mashine kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi.

"Weee, Sofa! Umerudi na mifupa! Kochi umemwachia nani? Na huo mkanda wa katikati umetokea wapi, si ulisema gari la vijana hilo?"

Wateja walianza kucheka kabla hawajajua wanacheka nini. Sofa alifungua mdomo. Alitazama mlango wa nyumba yake, ulivyo mbali. Ilimpasa aseme, na alikuwa anajipanga kusema, pale pale barabarani, mtaa mzima usikie.

"Tumepanua," Mama Pacha alijibu kabla yake. Alikuwa ameshashuka, amesimama upande wa nyuma, uso bado umekaza. "Lilikuwa la watu wawili. Watu wameongezeka. Wewe hujawahi kuona fundi akibadilisha kazi yake?"

"Nimeona, shemeji, nimeona," kinyozi alisema, akawasha mashine.

Mama Pacha alifungua mlango wa nyuma, akainama, akabonyeza kifungio chekundu. Kiliachia mara moja, hakikuleta maneno. Akamtoa Mgeni na shali lake, akasikiliza kifua, akaridhika. Kisha akamzunguka mumewe, akasimama mbele yake, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Nina hasira na wewe," alisema kwa sauti ya chini ambayo haikufika kwa kinyozi. "Na nitakuwa nayo mpaka itakapoisha yenyewe."

"Sawa."

"Haya. Mpokee mwanao, nimtoe Kimya kwenye usukani."